Kihispania cha Meksiko kwa Anayefikiri kwa Kiswahili: Sarufi na Adabu, Hatua kwa Hatua

Vitabu vingi vya Kihispania vinavyopatikana kwetu, na karibu programu zote za simu, vimetungwa kwa ajili ya mtu anayefikiri kwa Kiingereza. Ukivifuata unajikuta unafundishwa kushangaa mambo ambayo kwako hayana ajabu yoyote. Kurasa nzima zinaeleza kwa nini Kihispania husema mtu "ana" miaka ishirini, wakati sisi tangu utoto tunasema nina miaka ishirini. Zinaeleza inawezekanaje kitenzi kimoja kikawa sentensi kamili, wakati sisi tunasema "nimechoka" na kila mtu ameelewa. Lakini pale ambapo mzungumzaji wa Kiswahili hukwama kwelikweli, kitabu kinapita kimya, kwa kuwa Mwingereza hapati shida hapo.

Nashauri njia nyingine: weka Kihispania ubavuni mwa Kiswahili moja kwa moja, bila mtu wa kati. Sehemu kubwa ya sarufi unayo tayari kichwani.

Nchi niliyoichagua ni Meksiko. Sensa ya 2020 ilihesabu huko watu milioni 126, na hakuna nchi nyingine duniani yenye wasemaji wengi wa Kihispania kuliko hiyo. Pia Kihispania chake kinampunguzia mgeni mzigo. Neno vosotros, yaani "ninyi" wa Uhispania, Wameksiko hawalitumii katika mazungumzo. Wao husema ustedes, hivyo kila kitenzi kina maumbo matano ya kukariri badala ya sita. Halafu ni nchi ambayo Waafrika wameishi humo tangu karne ya 16, jambo nitakalolirudia mbele.

Hatua ya 1: Soma kwa sauti kabla hujaelewa

Irabu ni zetu zilezile: a, e, i, o, u. Neno casa, mesa au vino utalisoma sawasawa siku ya kwanza. Jifunze konsonanti chache: ñ ni ny (mañana hutamkwa manyana), ll na y zote ni y (calle ni kaye), h haitamkwi kabisa (hola ni ola), qu ni k (queso ni keso). Herufi v na b zina sauti moja. Kwa Mmeksiko z ni s, na c ikifuatwa na e au i nayo ni s, kwa hiyo cena ni sena. Usihangaike na ile sauti ya th unayoisikia kwa watu wa Madrid. Herufi j, na g mbele ya e au i, ni kh ya wazee wa pwani wanaposema "sabalkheri".

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni irabu zinazokutana. Sisi tumezoea kuipa kila irabu silabi yake, kwa hiyo tukiona bueno tunasoma bu-e-no. Wenyewe husema bweno, silabi mbili. Mwanzoni liandike daftarini kwa w na y za Kiswahili: agua ni agwa, siete ni syete, tierra ni tyerra. Ukiona alama juu ya i, kama katika día, hapo ndipo irabu zinapoachana: di-a.

Mtego wa pili ni r. Pero ni "lakini", perro ni "mbwa", pelo ni "nywele". Wale ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi r na l wayarudie maneno haya matatu kila siku mpaka ulimi uyatofautishe. Rr hutetemeshwa kwa nguvu, na r inayoanza neno pia: rojo, ropa, río.

Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kihispania hufanya hivyohivyo neno likiishia kwa irabu, n au s: casa, hablan, lunes. Likiishia kwa konsonanti nyingine, mkazo huenda mwisho: comer, ciudad, hotel. Neno lolote linalovunja kanuni hii hubeba alama: café, árbol, México. Alama hiyo si pambo. Hablo ni "ninasema", habló ni "alisema". Papa ni kiazi, papá ni baba.

Majina ya mahali yana x inayobadilika: México hutamkwa Mekhiko, Oaxaca ni Wahaka, Xochimilco ni Sochimilko. Haya yakariri tu.

Hatua ya 2: Tafuta mtenda mwishoni mwa kitenzi

Ni-, u-, a-, tu-, wa- zetu hukaa mwanzoni. Za Kihispania hukaa mwishoni: hablo, hablas, habla, hablamos, hablan ni ninasema, unasema, anasema, tunasema, wanasema. Kiwakilishi yo kitumie tu pale ambapo kwa Kiswahili ungesema "mimi" kwa kusisitiza. Anayesema yo hablo, yo como, yo vivo katika kila sentensi anasikika kama anayesema mimi ninasema, mimi ninakula, mimi ninaishi.

Anza na vitenzi kumi vinavyobeba mazungumzo ya kila siku hata kama maumbo yake hayafuati kanuni: ser na estar (kuwa), tener (kuwa na), ir (kwenda), hacer (kufanya), poder (kuweza), querer (kutaka), decir (kusema), ver (kuona), dar (kutoa). Ukivijua hivyo katika wakati uliopo unaweza kununua, kuuliza njia na kujieleza. Vingine vitakuja kwa makundi yake matatu, -ar, -er na -ir.

Hatua ya 3: Ni, yuko, kuna, nina

Hapa ndipo Kiswahili kinapokulipa. Wazungumzaji wa lugha nyingi za Ulaya huteseka miaka na ser na estar, kwa sababu kwao ni kitenzi kimoja. Sisi tunavyo viwili.

Pale unaposema "ni", jaribu ser kwanza: soy maestra, mimi ni mwalimu, es mi hermano, ni kaka yangu. Pale unaposema "yuko, yupo, yumo", tumia estar: está en el mercado, yuko sokoni; está listo, yuko tayari. Na pale Kiswahili kinapotumia -me- kueleza hali aliyo nayo mtu au kitu, nenda estar vilevile: estoy cansado, nimechoka, está sentada, amekaa, la puerta está cerrada, mlango umefungwa. Hata kifo ni estar, jambo linalowatatiza wengi wanaoambiwa kwamba estar ni ya hali za muda tu. Está muerto: amekufa. Kwa Kiswahili hakuna cha kutatiza.

Njia hii haifiki kila mahali. Shughuli inapofanyika huchukua ser: la fiesta es en casa de mi tía, ingawa sisi tungesema sherehe iko kwa shangazi. Na chakula unachokionja sasa hivi ni está rico, ijapokuwa kwetu ni "kitamu" tu.

Kuna na hakuna ni hay na no hay. Halibadiliki kwa umoja wala wingi: hay una tortilla, hay cien tortillas.

Kisha tener, nina. Tengo hambre, nina njaa. Tengo sed, nina kiu. Tengo sueño, nina usingizi. Tengo prisa, nina haraka. Tengo veinte años, nina miaka ishirini. Tafsiri neno kwa neno bila woga, hapa haitakuangusha.

Hatua ya 4: Ngeli mbili tu, lakini na el na la

Anayeweza kusema "viti vyangu vitatu vizuri vimevunjika" bila kufikiri hana haki ya kuogopa jinsi mbili za Kihispania. Ni upatanisho uleule: la casa blanca, las casas blancas, el perro negro, los perros negros. Nomino nyingi za -o ni za el, nyingi za -a ni za la. Wakaidi unaokutana nao kila siku ni la mano, la foto, el día, el mapa, el problema. Agua ni ya la, lakini husemwa el agua kwa sababu inaanza na a yenye mkazo. Kivumishi kinakufichulia siri: el agua fría.

Linalotusumbua kweli ni kwamba Kiswahili hakina vineno kama el na la. Tunasema "napenda kahawa", basi. Kihispania kinataka me gusta el café, hata ukizungumzia kahawa yote duniani. Kinataka el señor López unapomtaja mtu, lakini si unapomwita. Kinataka el lunes kwa "siku ya Jumatatu". Dawa niijuayo ni moja: usijifunze nomino peke yake kamwe. Andika la mesa, el pan, la leche, el jitomate.

Uangalifu mwingine ni "yeye". Kwetu yeye ni yeye, awe mwanamume au mwanamke. Kwao ni él au ella, na kivumishi hubadilika naye. Simulia habari za shangazi yako kwa dakika tano ukijirekodi, halafu sikiliza ni mara ngapi amegeuka mwanamume.

Hatua ya 5: Kichwa kinaniuma

Me duele la cabeza. Litazame vizuri: kichwa ndicho kinachouma, mimi ndiye ninayeumwa, na wala hatusemi kichwa "changu". Me duelen los dientes, meno yananiuma, kitenzi kimekuwa wingi kwa sababu ya meno. Ukilishika hili umeshika pia me gusta, ambalo huwatoa jasho wengi. Lione kama "inanipendeza": me gusta la música, muziki unanipendeza, me gustan los mangos, maembe yananipendeza. Faltar (kukosekana), sobrar (kuzidi), importar (kuwa muhimu) na encantar (kupendeza mno) hufuata mkondo huohuo.

Mtendwa hukaa mbele ya kitenzi, karibu na pale tunapomweka sisi: te quiero, nakupenda, lo veo, ninamwona. Katika amri isiyo ya kukataza, na kwa kitenzi kisichonyambuliwa, hubandikwa mwishoni: dime, niambie, quiero verte, nataka kukuona. Tofauti ni kwamba Kihispania huruhusu wawili pamoja: me lo dio, alinipa hicho. Na le ikikutana na lo hugeuka se: se lo di, nilimpa hicho.

Kuna a ndogo inayowekwa mbele ya mtendwa akiwa ni mtu: veo la casa, lakini veo a mi mamá. Kiswahili kina kawaida ya namna hiyo. Tunasema "naona nyumba", lakini "namwona mama". Tukisema "naona mama" bila -mw-, sikio linalalamika. Kila unapohisi haja ya -m- ya mtu, weka a.

Kihusishi "kwa" chetu kinabeba mizigo mingi mno, na ndiyo maana por na para hutuchanganya. Usikitafsiri kwa neno moja. Kwa kisu ni con cuchillo. Kwa simu, por teléfono. Kwa ajili yako, para ti. Kwa sababu yako, por ti. Kwa mjomba, en casa de mi tío. Kwa basi, en camión. (Ndiyo, camión, ambalo katika nchi nyingi za Kihispania ni lori, Meksiko ni basi pia.)

Hatua ya 6: Kusimulia kwa -ka- na -ki-

Kihispania kina nyakati mbili zilizopita za kusimulia. Usianze na kanuni. Anza na hadithi. Llegué al mercado, compré frijol, saludé a doña Lupe y me fui: nilifika sokoni, nikanunua maharage, nikamsalimia doña Lupe, nikaondoka. Matukio yanafuatana, kila moja limefungwa. Sasa mandhari: llovía, la gente corría, los niños lloraban. Mvua ilikuwa ikinyesha, watu walikuwa wakikimbia, watoto walikuwa wakilia.

Kipimo ni hiki: kama tukio linakubali -ka- katika mfululizo, tumia llegué, compré. Kama unahitaji "alikuwa aki-", tumia llovía, corría. Mazoea ya zamani nayo ni ya kundi la pili: de niño jugaba en la calle, nilipokuwa mtoto nilikuwa nikicheza barabarani. Chukua hadithi yoyote ya Abunuwasi unayoijua kwa moyo, isimulie kwa Kihispania chepesi, na utaona nyakati zinajipanga zenyewe.

Hapa Meksiko inatofautiana na Uhispania. "Nimeshakula" huko ni ya comí, si ya he comido. "Hajafika bado" mara nyingi ni todavía no llega, kwa wakati uliopo. Usikisahihishe unachokisikia, kichukue kama kilivyo.

Hatua ya 7: Nataka uje

Quiero que vengas. Nataka uje. Hali hii ndiyo inayowafanya wengi waache masomo, nasi tunaitumia kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nakuomba unisubiri, te pido que me esperes. Ni lazima usome, es necesario que estudies. Ili uelewe, para que entiendas. Usiseme, no hables. Sisi tunageuza -a ya mwisho kuwa -e. Vitenzi vya -ar hufanya vivyohivyo (habla, hable), na vile vya -er na -ir hugeuza e kuwa a (come, coma).

Palipobaki pa kujifunza upya ni pale Kiswahili hakitumii umbo hilo: baada ya shaka (no creo que venga, sidhani kama atakuja), baada ya hisia (me alegra que estés aquí, nafurahi kwamba uko hapa), na baada ya cuando ya wakati ujao (cuando llegues, avísame, ukifika niarifu). Matatu hayo yaandike ukurasa wa mbele wa daftari.

Ojalá, "laiti" au "Mungu akipenda", daima hufuatwa na hali hii. Neno lenyewe lilitoka Kiarabu, na si peke yake. Waarabu na Waberberi waliingia rasi ya Iberia mwaka 711, na utawala wa mwisho wa Kiislamu ulianguka Granada mwaka 1492. Ndiyo maana azúcar ni sukari, fulano ni fulani, alcalde anatoka shina moja na kadhi, na hasta ni ndugu wa hata. Upande mwingine Wareno, walioshika pwani yetu mpaka Fort Jesus ilipowaponyoka mwaka 1698, walituachia meza, bendera, mvinyo, kasha na padri, ambayo Kihispania huyaita mesa, bandera, vino, caja na padre. Yakusanye, ni msamiati wa bure.

Tahadhari moja kuhusu hasta: duka lenye tangazo abrimos hasta las diez Meksiko linamaanisha halifunguliwi kabla ya saa nne. Mtu wa Madrid angeelewa kwamba liko wazi mpaka saa nne. Uliza kabla hujaondoka nyumbani.

Hatua ya 8: Salamu kwanza

Sarufi bila adabu haitakufikisha mbali Meksiko, na hapa tena malezi ya Kiswahili yanakusaidia. Ukiingia dukani, kwenye lifti au chumba cha kusubiri daktari, unasalimia: buenos días mpaka adhuhuri, buenas tardes mpaka giza liingie, kisha buenas noches. Anayeanza na shida yake bila salamu huonekana hana malezi, sawa na kwetu.

Ukiitwa, usijibu ¿qué? Jibu mande, mahali pale ambapo mtoto aliyelelewa vizuri angesema abee au naam. Ukitaka kupita kati ya watu au kuondoka mezani, con permiso. Utajibiwa pase au propio. Mlangoni uliza ¿se puede?, ndiyo hodi, na adelante ndiyo karibu. Ukipita karibu na watu wanaokula, hata usiowajua, sema provecho. Naye anayekula, ukimkuta, atakuuliza ¿gustas?, anakukaribisha. Ni karibu chakula yetu, na inajibiwa kwa shukrani hata kama huli.

Usted ndiyo heshima, na huchukua kitenzi cha "yeye": ¿cómo está usted? Itumie kwa wazee, wakwe, walimu, daktari, na yeyote uliyemkuta leo ambaye amekuzidi umri. Kwa rika lako tú huja haraka. Kwa mkubwa subiri akuambie háblame de tú. Wakubwa huitwa don na doña pamoja na jina la kwanza: don Pedro, doña Carmen. Fundi ni maestro. Mhudumu wa mkahawa ni joven, hata akiwa na mvi kidogo.

Sokoni utaitwa güero au güera, "mwenye rangi nyeupe", na Mwafrika pia huitwa hivyo. Ni neno la muuzaji kumvuta mteja. Pásele, güerita, ¿qué va a llevar? Jibu kwa ¿a cómo el kilo de jitomate? Katikati ya nchi jitomate ndiyo nyanya nyekundu. Tomate ni ile ya kijani ya kupikia mchuzi. Ukiwa huitaki bidhaa sema ahorita no, gracias. Ahorita peke yake ina uzito wa "sasa hivi" yetu: inaweza kuwa dakika moja, inaweza kuwa jioni, na inaweza kuwa hapana iliyofunikwa kwa upole. Viishio -ito na -ita (cafecito, tantito, cerquita) havipunguzi ukubwa tu, vinalainisha ombi.

Majina: kila mtu ana la baba na la mama, kwa kawaida kwa mfuatano huo, na mwanamke akiolewa habadilishi. Rais aliyeapishwa tarehe 1 Oktoba 2024, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo, ni Claudia Sheinbaum Pardo: Sheinbaum ya baba, Pardo ya mama. Ukijaza fomu yoyote, utaulizwa yote mawili.

Hatua ya 9: Kaa mezani, ufuate kalenda

Mlo mkubwa ni la comida, kati ya saa nane na saa kumi mchana. Tafuta fonda, mkahawa mdogo unaouza comida corrida: supu, wali au tambi, chakula chenyewe na kinywaji, vyote kwa bei moja. Hapo utasikia Kihispania cha kweli kwa bei nafuu kuliko darasa lolote. Bili haiji mpaka uiombe, kwani kumletea mtu bili hajaiita ni kumfukuza: la cuenta, por favor. Bakshishi ya asilimia 10 mpaka 15 ni ya kawaida mkahawani.

Tortilla ya mahindi hutengenezwa kwa nixtamal, yaani mahindi yaliyochemshwa na chokaa, kuoshwa na kusagwa yakiwa bado na majimaji. Chokaa huachia vitamini ambayo mahindi matupu huishikilia; waliobeba mahindi kwenda mabara mengine bila ufundi huu waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo, pale yalipokuwa chakula chao karibu pekee. Sisi wala ugali tuna sababu ya kuuliza sana juu ya jambo hili, na ni mada itakayomfanya mama yeyote wa Kimeksiko azungumze nawe saa nzima.

Maneno ya jikoni mengi ni ya Kinahuatl, lugha ya Waazteki ambayo bado ina wasemaji zaidi ya milioni moja: aguacate, chile, elote, cacahuate, na tianguis, soko la siku maalumu. Sheria ya 2003 inazitambua lugha za wenyeji kuwa lugha za taifa sawa na Kihispania, na orodha rasmi ina makundi 68 ya lugha hizo. Usiziite lahaja.

Kalenda itakupa msamiati kwa majira. Usiku wa Septemba 15 rais hupiga kengele katika Palacio Nacional na umati unaitikia ¡Viva México!, kukumbuka wito wa padri Miguel Hidalgo mwaka 1810. Tarehe 5 Mei ni vita vya Puebla vya 1862 dhidi ya Wafaransa; si sikukuu ya uhuru. Novemba 1 na 2 ni Día de Muertos: familia huweka ofrenda, meza yenye picha za marehemu, maua ya cempasúchil, mishumaa na chakula walichokipenda. Ukialikwa, uliza ¿a quién recuerdan?, mnamkumbuka nani, kisha usikilize. Nyakati zote mbili zilizopita za hatua ya 6 utazisikia hapo. Januari 6 hukatwa rosca de reyes, mkate mtamu wa mviringo, na anayekuta sanamu ya mtoto ndani ya kipande chake analisha wenzake tamales (unga wa mahindi uliofungwa majanini na kupikwa kwa mvuke) Februari 2.

Sasa Waafrika. Kati ya mwaka 1595 na 1640 wafanyabiashara Wareno walileta Veracruz maelfu ya watumwa, wengi wao kutoka Angola na Kongo, wasemaji wa lugha za Kibantu. Gaspar Yanga aliongoza waliotoroka kwenye milima ya Veracruz. Jeshi lilitumwa dhidi yao mwaka 1609 na halikuwamaliza, na mwishowe wakapata mji wao huru, ambao leo unaitwa Yanga. Vicente Guerrero, mwenye asili ya Afrika, alikuwa rais mwaka 1829 na alipiga marufuku utumwa Septemba 15 ya mwaka huo. Jimbo la Guerrero limepewa jina lake. Katika Costa Chica, pwani ya Guerrero na Oaxaca, jamii hizi zipo mpaka leo, na siku za Día de Muertos hucheza Danza de los Diablos wakipiga ala ya taya la punda. Katiba iliwatambua mwaka 2019, na sensa ya 2020 ikahesabu zaidi ya milioni 2.5. Soma habari zao kwa Kihispania mapema. Mwanafunzi anayesoma jambo linalomgusa hachoki haraka.

Hatua ya 10: Vyombo vya kazi

Tume ya vitabu vya bure vya shule ya Meksiko, CONALITEG, iliyoanzishwa 1959, imeweka vitabu vyake vya shule ya msingi kwenye intaneti. Anza na darasa la kwanza, upande darasa kwa darasa. Ndivyo Wameksiko wenyewe walivyosoma. Kwa kamusi tumia Diccionario del español de México ya chuo cha El Colegio de México, inayopatikana bure, kisha ile ya Real Academia Española, chuo cha lugha cha Uhispania, kwa lugha ya jumla. Radio UNAM, ya chuo kikuu cha taifa cha Meksiko (UNAM), inasikika mtandaoni. Tamthilia za Kimeksiko tulizozitazama miaka mingi zikiwa na sauti za Kiingereza, zitafute sasa na sauti za wenyewe.

Ukihitaji cheti, kuna mitihani miwili. DELE haina mwisho wa uhalali. SIELE, ambayo UNAM ni mmoja wa waanzilishi wake, hufanywa kwa kompyuta na hudumu miaka mitano. Hiyo inamfaa anayetaka majibu haraka kwa ajili ya kazi au chuo.

Na mtu wa kuzungumza naye tafuta anayekuhitaji pia. El Colegio de México, jijini Mexico, kina kituo cha masomo ya Asia na Afrika ambacho kimefundisha Kiswahili kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili, na hao, pamoja na Wameksiko wanaojisomea wenyewe, wana shida yako iliyopinduliwa: wanatafuta upatanisho wa ngeli, wewe unatafuta el na la. Kubalianeni nusu saa kwa Kihispania na nusu saa kwa Kiswahili, saa ikiwa mezani, na kila mmoja amwandikie mwenzake makosa yake matatu tu ya siku hiyo.